Mgonjwa wa Chumba cha Mbele

Stamatia alipokata shauri la kwenda kuondolewa ngozi iliyozidi ya tumbo, alidhani kazi yote ingekuwa ya daktari. Yeye angelala kwa dawa, aamke, arudishwe nyumbani Volos, basi. Wifi yake Anthoula alimsikiliza mpaka mwisho, akanywa funda la kahawa, kisha akamuuliza:

"Na chumvi unaweka wapi?"

"Juu kabatini. Chumvi inahusiana vipi na tumbo langu?"

"Ngoja urudi na mshono halafu uitake. Ndipo utajua inahusiana vipi."

Anthoula alisema jambo alilolijua. Mwaka uliotangulia alikuwa amefanyiwa upasuaji huohuo huko Athene, kwa siri kubwa. Mama yake mzazi, Bibi Pelagia, aliambiwa kwamba binti amekwenda kuhiji kisiwani Tinos na homa imemkuta hukohuko. Alirudi kwake bila kuandaa chochote, akajilaza kwenye kochi lililo chini sana, na akashinda hapo akiisikiliza simu ikilia mezani, asiweze kuifikia wala kuinyamazisha. Tangu siku hiyo akawa mtaalamu, na kama wataalamu wote, alikuwa akitafuta mwanafunzi.

Stamatia alikuwa na miaka hamsini na ushee na duka la mapazia. Kwa misimu kadhaa alikuwa ametembea kandokando ya bandari kila asubuhi na kuacha vitu vitamu, mpaka wateja wa zamani wakawa wanaingia dukani na kumuulizia mwenye duka. Mafuta yalikwenda zake. Ngozi ilibaki, imening'inia chini ya kitovu kama pazia lililokatwa refu kuliko dirisha. Kiangazi ilimchubua kwa jasho, na kila alipovaa suruali ilibidi aikunje na kuisukuma ndani kwanza, kama mtu anayefunga sanduku la safari. Hakutaka kufanana na wasichana wa magazetini. Alitaka kufunga zipu bila majadiliano.

Mumewe, Lazaros, fundi pikipiki, alikubali siku ileile. Kilichobaki ni Bibi Pelagia, mama mkwe, aliyeishi mtaa wa pili. Hakuwa mtu mbaya. Ila aliamini kwamba mtu mzima asiyeumwa akienda hospitali anautafuta ugonjwa kwa makusudi, na lolote lililoingia sikioni mwake lilimtoka mdomoni mbele ya msusi wake likiwa limenenepa. Kwa hiyo asingeambiwa.

"Tufanye mazoezi," Anthoula akaamua, majuma mawili kabla ya upasuaji. "Asubuhi moja tu. Utaishi humu ndani kama mtu aliyeshonwa jana. Kila kitakachokushinda, tunakihamisha."

Wakachagua Jumamosi ya Lazaro, ile ya kuamkia Jumapili ya Matawi, kwa kuwa karakana ingefungwa. Ilikuwa siku ya jina la Lazaros, yaani sikukuu ya mtakatifu wake, na wageni wangekuja bila kualikwa, lakini wageni huja jioni.

Asubuhi hiyo walianza na nguo ya kubana. Ilikuwa ya rangi ya ngozi, ikianzia chini ya matiti mpaka magotini, na kumwingiza Stamatia ndani yake kulihitaji watu wawili, unga wa talki, na maneno ambayo hayasemwi wakati wa Kwaresima. Kisha Anthoula akampa masharti. Atembee ameinama, kwani ngozi ikishavutwa na kushonwa haimruhusu mtu kunyooka kwa siku za mwanzo. Mikono isipite mabega. Asiokote kitu chini. Akitaka kutoka kitandani asijikunje tumbo. Ageuke ubavu kwanza, ashushe miguu, ajisukume kwa mkono.

Lazaros akatokea jikoni amevaa aproni ya maua, taulo begani. "Bibi mgonjwa, leo tunaugulia upande gani?"

"Usinichekeshe, nguo inanibana."

"Na hiyo uitie akilini," Anthoula akamwambia kaka yake. "Ukiwa na mshono, kicheko kinauma kuliko kikohozi. Ukimchekesha mkeo wiki ile, nakufungia nje ulale na pikipiki zako."

Nyumba ambayo Stamatia aliishi miaka yote ikageuka kuwa adui. Sukari, chumvi na vikombe vyote vilikuwa vinaishi juu. Sufuria ziliishi chini kabisa. Choo kilikuwa kifupi kama kigoda, wakaazimia kununua kiti cha kukiinua. Zulia la ukumbini lilimkwaza, likakunjwa. Chaja ya simu ilikuwa nyuma ya kitanda, mahali panapofikiwa na paka peke yake.

Kiti cha kupumzikia ndicho kilichowashinda. Anthoula alikuwa amekileta chake mwenyewe, kile cha kulaza mgongo na kunyanyua miguu, kwani mgonjwa wa namna hii hulala chali, mgongo umeinuka na magoti yamekunjwa. Stamatia alikaa, akajilaza, akasifu. Alipotaka kuinuka akagundua kwamba mpini wa kukirudisha uko chini karibu na kisigino. Akabaki hapo kama mende aliyepinduka.

"Sasa hapa," akasema, "nitakaa mpaka Pentekoste."

Lazaros akashuka karakana, akarudi na mkono wa breki wa pikipiki na waya wake. Akaufunga kwenye mkono wa kiti, akaunganisha waya na mpini, akakaza skrubu, akamwambia mkewe avute. Stamatia akavuta breki, na kiti kikamwinua taratibu mpaka akasimama, ameinama, kama malkia anayetafuta hereni sakafuni.

Ndipo ufunguo ukazunguka mlangoni.

Bibi Pelagia aliingia na sinia la mikate midogo ya siku hiyo, ile yenye umbo la Lazaro aliyeviringishwa sanda, mikono kifuani na karafuu mbili kuwa macho. Akaona mwanawe katika aproni ya maua. Akaona binti yake amesimama na unga wa talki hadi kwenye nyusi. Akamwona mkamwana wake amefungwa kuanzia kifuani hadi magotini. Akaitazama mikate yake, akamtazama tena Stamatia.

"Mgongo, mama," Lazaros akasema haraka. "Umemshika mgongo."

"Mgongo haufungwi mpaka magotini." Akaweka sinia mezani, akakaa, akavua skafu. "Na wewe Anthoula, nyamaza kabla hujasema. Mtu anarudi kutoka Tinos bila hata chupa ya maji ya baraka, ameacha nusu ya tumbo huko, halafu mimi nijifanye kipofu. Nimejifanya mwaka mzima. Nimechoka."

Anthoula akaanza kujipangusa talki usoni.

"Niambie wewe, mwanangu," mama mkwe akamgeukia Stamatia. "Unaumwa?"

"Siumwi, mama. Nimechoka tu. Nilijitahidi kupungua, na watu wakanipongeza, lakini kila jioni nikivua nguo naona kama nimebaki nimevaa nguo ya mtu mwingine. Inanichubua, inanizuia. Wenzangu wakienda kuogelea baharini mimi nalinda mataulo. Nataka kuivua."

Bibi Pelagia akainuka, akaenda chumbani, akabonyeza kitanda kwa viganja viwili.

"Kiko chini. Nilipotolewa nyongo mimi nilirudi kwenye kitanda kama hiki, na mama mkwe wangu akanitaka nikande unga wiki ileile. Nilikanda. Sikumwambia mtu kwamba naumia." Akaupiga mto ngumi. "Huyu hatakanda kitu. Lazaros, tia matofali chini ya miguu ya kitanda."

Kuanzia hapo nyumba ikawa na majenerali wawili. Bibi Pelagia alitaka mshono upakwe asali. Anthoula akamwambia mshono utapakwa alichosema daktari na si tone zaidi. Bibi Pelagia alitaka kumlisha jibini na zeituni. Anthoula akasema chumvi inavimbisha. Mwishowe wakagawana mamlaka: mama apewe jiko, agandishe supu za dengu na mboga bila chumvi nyingi na achemshe plamu kavu kwa ajili ya choo, binti apewe nguo ya kubana, dawa na mirija ya kutoa maji ya jeraha.

"Na majirani?" Lazaros akauliza. "Duka likifungwa, Fotini wa chini atapanda kuuliza."

Bibi Pelagia akafikiri. "Waambieni mimi naumwa. Nimehamia kwenu, Stamatia ananihudumia."

"Unaumwa nini, mama?"

"Nitaona siku hiyo."

Pasaka ikapita, wakaenda hospitalini Larissa, na upasuaji ukaenda vizuri. Stamatia akarudi akiwa mpole kwa dawa, mirija miwili ikimtoka kiunoni na vichupa vyake vimebanwa kwa pini ndani ya gauni la kufungua mbele, alilojishonea mwenyewe kwa mabaki ya pazia la maua. Siku hiyohiyo walimtembeza hadi jikoni na kumrudisha, hatua za kobe, kama daktari alivyoagiza, damu isilale miguuni. Kitanda kilikuwa kimeinuliwa, mito ilikuwa tayari, na breki ilifanya kazi.

Kilichomshangaza ni huzuni. Siku chache baadaye alijiona kwenye kioo cha bafuni: amevimba, ana michubuko ya manjano, mnene kuliko alivyokwenda. Akalia. Anthoula akamweleza kwamba uvimbe hupungua polepole, kwamba yeye alilia hivyohivyo, lakini maelezo hayakusaidia. Bibi Pelagia hakueleza kitu. Aliketi nyuma ya kiti, akamfungua nywele, akazichana polepole mpaka kilio kikaisha chenyewe. Kisha akarudi chumba cha mbele kuugua, kwa sababu kengele ililia.

Maana wageni walikuja kweli. Bibi Pelagia aliwapokea kitandani, kitambaa kimefungwa kichwani, na ugonjwa wake ukabadilika kulingana na mgeni. Kwa mke wa mwuza mikate ulikuwa moyo. Kwa msusi ulikuwa kizunguzungu chenye maono. Nyuma ya mlango, Stamatia aliukumbatia mto juu ya tumbo, kama alivyofundishwa, akakaza midomo.

Alasiri moja Fotini wa chini akapanda na bakuli la supu ya kuku yenye yai na limau. Kwenye ukumbi akakutana uso kwa uso na Stamatia anayetoka msalani, amejikunja, ameshika ukuta.

"Ee Mama Mtakatifu, kumbe umefikia hali hii?" Fotini akasema kwa upole. Akaingia chumba cha mbele, na upole akauacha mlangoni. "Pelagia, una roho kweli? Mkamwana wako amepinda kama ndoana kwa kukuhudumia, na wewe umelala hapa mashavu mekundu. Hata maji ya kunywa unaletewa? Inuka ujiletee mwenyewe."

Bibi Pelagia, mwanamke ambaye hakuna aliyewahi kumnyamazisha katika mtaa ule, alilala akatukanwa. Alitukanwa kwa uvivu, kwa ulafi, na kwa jambo la zamani la kamba ya kuanikia nguo. Fotini alipoondoka, akaja chumba cha nyuma, skafu imekaa upande.

"Nimetukanwa," akasema, "kwa ajili ya tumbo lako."

Stamatia alicheka. Iliuma, akaubana mto, machozi yakamtoka, akazidi kucheka huku akisema "aa, aa, mama, nyamaza."

Anthoula akaja mbio. "Nani kamchekesha?"

Mama mkwe na mkamwana wakanyoosha vidole pamoja kuelekea jikoni, alikokuwa Lazaros akiosha vyombo, hana habari.

Mirija ilitolewa, uvimbe ukashuka, na mgongo wa Stamatia ukanyooka kidogo kila asubuhi, mpaka siku moja akaingia chumba cha mbele amesimama wima na dirisha nyuma yake. Bibi Pelagia alimtazama kuanzia juu hadi chini, akakohoa kuficha furaha.

"Basi mama, tumepona," Lazaros akasema. "Nikusaidie kufunga mizigo?"

"Yeye amepona," Bibi Pelagia akajibu, akivuta shuka hadi kidevuni. "Mimi bado. Fotini ameona aibu kwa yale maneno, kesho analeta sungura aliyepikwa kwa vitunguu."