Mtani Juu ya Kaburi la Mama Anisia

Wewe unayesoma hapa, nilikuona. Basi la Kahama lilipunguza mwendo pale Didia kuwapisha ng'ombe, ukawaona akina mama wamepiga magoti ndani ya lambo, wakikomba maji ya tope kwa vibuyu. Ukageuzia uso dirisha la upande wa pili, kana kwamba huko kulikuwa na harusi. Usiniambie ulikuwa umesinzia. Mimi shule sikuiona, herufi nimejifunzia kwenye magunia ya pamba, lakini kusahau sijajifunza mpaka leo. Basi tulia nikukumbushe lambo lile ni la nani, na jinsi tulivyocheka siku ya kumheshimu mwenyewe.

Lambo ni la Apolonia, tuliyemwita Mama Anisia kwa jina la binti yake wa pekee. Alianza kwa kuwapikia ugali wachimba dhahabu wa Geita. Mgodi ulipofungwa akarudi na sufuria zake, akaweka mashine ya kusaga Kagongwa, kisha ya kukoboa mpunga, kisha lori la Bedford ambalo breki zake zilisikika kabla ya honi. Mwaka wa njaa, sabini na nne, wakubwa walipokuwa wakitupanga vijijini kama viazi kwenye matuta, yeye alishusha mahindi yake Didia. Akawaita Bagobogobo, wale wacheza ngoma wanaolima kwa kufuata mdundo, akawaambia chakula ni chake, lakini lambo watachimba wenyewe na litakuwa lao. Yeye mwenyewe aliingia shimoni na buti za mpira, kanga kiunoni, akiwatania wanaume wanaopumzikia mpini.

Na wakubwa walimwitaje? Walimwita kupe. Walimwita mlanguzi. Aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa Theonest, mkubwa wa ushirika, hodari wa kupanda jukwaani. Mchana alimtukana mkutanoni, jioni alikuja mashineni kwa mlango wa nyuma, na Mama Anisia akampimia unga bila kumwuliza neno. Sisi tuliobeba magunia tuliona.

Alifariki mwaka wa themanini na tatu. Mwaka uliofuata ikafika siku ya kuweka msalaba kaburini, na nani awe mgeni rasmi kama si Theonest? Sasa marehemu alikuwa dada yake mpendwa. Alikuja na mifuko ya saruji na mafundi wa kujenga mnara kando ya kaburi, wenye jina la marehemu, na chini yake jina la aliyeuzindua.

Anisia alikuwa amemwomba jambo moja tu. Tuta la lambo lilikuwa limebomoka, na mvua zilikaribia. Mama yake, akiwa kitandani, alimshika mkono akamwapisha lambo lisife. Saruji ile ingeziba pengo. Theonest akamjibu kwamba lambo lina utaratibu wake, tuanze na heshima kwanza. Siku ile Anisia alikuja msibani amevimba macho, si kwa kilio cha mama peke yake.

Ila Theonest alisahau watani. Wagogo ni watani wetu tangu babu zetu walipopita kwao na pembe za ndovu kichwani kwenda pwani, na msiba wetu hauishi mpaka mtani aseme umekwisha. Wa kwetu alikuwa Mama Chilongani, mke wa mfanyakazi wa reli wa stesheni ya Shinyanga. Misa haijakwisha vizuri, akatokea amevaa buti za marehemu na kanga yake, akitembea kama yeye, bega moja mbele, akikagua watu kama magunia. Huyu mwepesi. Huyu ana chenga. Huyu rudisha kwa mwenyewe. Padre Leodgar alicheka hadi akaishika meza. Hata Anisia alicheka, machozi yakimtoka.

Kisha mtani akaenda akakalia kaburi, msalaba mapajani.

"Tueni mizigo, wapagazi," akasema. "Mwenye nyumba kanikabidhi mlango."

Hapo desturi ni kumkomboa marehemu, mtani alipwe ndipo ainuke. Theonest akatabasamu, akatoa noti. Mama Chilongani akaipokea, akajipepea nayo kidogo, akairudisha mfukoni mwa Theonest. Mzee mmoja nyuma akasema, Mgogo anarudisha noti, leo itanyesha mvua ya mawe. Watu wakaangua kicheko, na Theonest, asitake kuonekana mgumu wa utani, akajifunga mwenyewe.

"Haya taja, mtani. Chochote nilicho nacho hapa ni chako."

Mama Chilongani akanyoosha kidole kwenye saruji. "Ile. Na mikono yako miwili. Lambo liko kule."

Theonest akamtazama padre. Padre akatazama mawingu. Kumkasirikia mtani haiwezekani, utachekwa mpaka kwa wajukuu, na msalaba ungebaki pale pale mapajani. Akajaribu kusema kwamba mnara ni heshima ya marehemu.

Mtani akasimama, bega moja mbele, akamjibu kwa sauti ya Mama Anisia kabisa: "Mwanangu Theonest, ulipokuja kuchukua unga kwa mlango wa nyuma, nilikudai mnara?"

Theonest akainama akafungua kamba za viatu.

Ndugu yangu, ngoma zililia. Bagobogobo waliokuja kwa ajili ya sherehe wakarusha majembe juu, wakayadaka, wakateremka lamboni, na kijiji kizima nyuma yao. Mama Chilongani akavua buti akamvisha Anisia, na Anisia akakanyaga udongo wa tuta kama aliyekuwa akiusubiri mwaka mzima. Theonest, suti yake ya Kaunda imekunjwa magotini, alichanganya saruji huku wanawake wakimwimbia kwamba kupe kapata maji. Akaitikia wimbo. Kwa sauti nzuri, tena, ambayo hatukuijua. Jioni tukausimika msalaba kwa mikono yenye tope. Alama za vidole zipo hadi leo. Mvua ya kwanza ilipolijaza lambo, ng'ombe walikunywa hadi matumbo yakalia.

Sasa ni themanini na nane, tope limerudi. Theonest amezeeka, lakini juzi nilimkuta lamboni na jembe, viatu amevitundika kwenye mti wa mnyaa. Yeye aliyemtukana Mama Anisia. Wewe uliyekula unga wake, au mama yako aliyekula, uko dirishani.

Inuka. Jembe liko nyuma ya mlango wako, usiniambie halina mpini. Mvua haijafika. Panda basi lile lile, shuka Didia, vua viatu.

Leo.