Mawe ya Wifi

Watoto walimwita Bi Meno, ingawa maishani mwake hakuwahi kung'oa jino la mtu. Kazi yake ilikuwa mapokezi: kuandika majina, kupanga zamu, na kuwabembeleza wale wanaoanza kulia wakiwa bado mlangoni. Na walilia, jamani. Mmoja akianza, wenzake wote wanaitikia. Ndipo Bi Meno akapata wazo, akamfuata daktari wa meno, mama mwenye kliniki, akamwambia kile chumba cha nyuma kilichojaa viti vibovu kigeuzwe chumba cha watoto, na katikati liwekwe tangi la kioo lenye maji ya chumvi na samaki wa baharini. Mtoto anayetazama samaki anasahau jino. Daktari alimtazama juu ya miwani, akakubali kwa sharti moja. Tangi likikaa vizuri mpaka siku ya kufungua chumba, chumba ni cha Bi Meno, atakiendesha yeye, na mapokezi atatafutwa mtu mwingine. Likiharibika, panawekwa televisheni na yeye anarudi kwenye kiti chake.

Miaka yote hiyo Bi Meno alikuwa anatamani kazi ambayo si ya kumwambia mtu "subiri kidogo". Siku hiyo alirudi nyumbani anaimba.

Sasa, maji ya chumvi si lelemama. Samaki wa maji baridi ukimtupia punje ya chakula ameridhika. Huyu wa baharini ana masharti kama bibi harusi. Anataka pampu, anataka joto lisilopanda wala kushuka, anataka mawe yaliyotoka baharini kwelikweli, yenye vijidudu vizuri vya kusafisha maji. Pampu na kipimajoto alivifunga mumewe, fundi friji, mtu mpole ambaye wenzake walimpachika jina la Msuluhishi kwa sababu hawezi kuvumilia sauti ikipanda. Watu wakigombania kiti, yeye anainuka awape chake. Bi Meno alimpendea hilo. Na mawe yalitoka kwa wifi.

Wifi, dada mkubwa wa Msuluhishi, alikuwa amefuga samaki wa baharini tangu zamani na hakumpa mtu nafasi ya kusahau. Yeye na Bi Meno walitaniana kama mawifi wanavyotaniana, utani wenye mwiba ndani. Kwa hiyo alipoingia kliniki na mawe yake, mdogo wake nyuma amebeba ndoo, Bi Meno alishangaa mpaka machozi yakamlengalenga. Wifi alisema ameamua kupunguza vitu kwenye tangi lake, na hii ni zawadi, asije akasikia watu wanasema wifi mchoyo. Bi Meno akamkumbatia pale pale. Siku nzima iliyofuata aliwasimulia wagonjwa kuwa wifi yake akipenda, anapenda.

Juu ya jiwe moja palikuwa na kitu kidogo cha hudhurungi, mfano wa ua, nyuzi zake nyembamba zikicheza majini. Bi Meno akauliza ni nini.

"Anemoni," wifi akajibu. "Ni mnyama huyo, si ua. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Wakacheka wote. Msuluhishi naye alicheka kidogo, kisha akatoka kwenda kumwaga maji ya ndoo.

Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu jembe alilichukua mwenyewe, akaanza kulima. Wiki haikuisha, jiwe lote likawa limeota vinyama vya hudhurungi, na jiwe la pili likafuata. Wala havikuwa vya kuangalia tu. Daktari alikuwa amenunua tumbawe la zambarau kwa furaha yake mwenyewe, la kupendezesha tangi. Anemoni moja ililigusa kwa nyuzi zake, na pale ilipogusa tumbawe likasinyaa na kuwa jeupe. Bi Meno akampigia wifi simu.

Wifi hakuonekana kushtuka. Alimwambia akwangue tu, vitoke, mbona jambo dogo.

Na hapo ndipo watu wa kliniki ya meno walipoponzwa na kazi yao. Mahali pengine pangepatikana mtu wa kusita. Lakini pale, kitu kibaya kikishikana na kitu kigumu, hakuna mjadala: kinakwanguliwa. Ugaga wa meno unakwanguliwa, jino linang'aa, mgonjwa anakwenda zake. Mfagiaji alisema kwangua, msaidizi wa daktari alisema kwangua, na daktari mwenyewe, aliyesoma akasoma tena, alimpa Bi Meno chuma chake cha zamani cha kuondolea ugaga, chembamba chenye ncha iliyopinda, akamfundisha namna ya kukishika.

Jumamosi, wagonjwa walipokwisha, Msuluhishi alikuja kumsaidia mkewe. Taa ya chumba ilikuwa inarudi kwenye kioo na kumpiga machoni, basi mumewe akamshikia tochi. Bi Meno alizamisha mikono mpaka viwikoni, akakwangua, akasugua kwa miswaki ya watoto, vipande vya hudhurungi vikaelea tangi zima. Mgongo ulimuuma, lakini alikuwa na raha ya mtu anayesafisha nyumba yake. Mara moja Msuluhishi alisema labda wapumzike, wamalizie siku nyingine. Bi Meno akamwambia ashike tochi vizuri. Akaishika vizuri.

Baada ya hapo ilikuwa balaa. Anemoni ziliota kwenye mawe, kwenye kioo, kwenye mdomo wa pampu, mpaka nyuma ya kipimajoto. Tumbawe la zambarau likafa. Samaki wawili wa rangi ya chungwa wakajibanza pembeni juu kabisa, hawataki kushuka. Daktari alikuja akasimama mbele ya tangi kwa muda, hakugomba, akasema tu kwamba chumba kinafunguliwa Ijumaa. Ni afadhali angegomba.

Bi Meno akatoa jiwe moja, akalitia kwenye ndoo, akaenda nalo kwa muuza samaki wa mapambo, mzee mmoja mcheshi ambaye duka lake lilikuwa nyuma ya soko. Mzee akainama, akatazama, akauliza ni nani aliyekwangua. Bi Meno akasema ni yeye. Mzee akatikisa kichwa, akamweleza kwamba mnyama yule ukimkata unamzalisha, kila kipande kinachobaki kinakuwa mzima. Kisha akaligeuza jiwe, akaona tundu lake lililokaa kama mkono wa kikombe.

"Hili nalijua," akasema. "Kuna mama aliliuza tangi lake lilipokufa lote kwa hawa wadudu. Alitaka kuniachia mawe, nikakataa. Nikawaambia wayachemshe au wayatupe."

"Ukawaambia akina nani?"

"Alikuwa na mwanamume mmoja mpole, kabeba ndoo. Koti la buluu, mgongoni limechorwa friji. Tena aliuliza mara mbili, hata kukwangua hapana? Nikamwambia hata kukwangua hapana."

Bi Meno akashukuru. Alishukuru vizuri kabisa, kama mtu aliyeelekezwa njia.

Njiani hasira ya wifi ilimjia tayari imeiva, na haikumsumbua. Ya wifi aliijua pa kuiweka. Kikulacho ki nguoni mwako, sawa, lakini siku zote alidhani nguo yenyewe ni wifi. Alipitia kliniki kurudisha jiwe, akakuta boksi la televisheni limeshasimama kwenye korido. Daktari alimwambia pole, na kwamba Jumatatu aje mapokezi kama kawaida. Bi Meno akasema haya.

Nyumbani alimkuta Msuluhishi amekaa sakafuni jikoni na mota ya friji ya mtu imefunguliwa mbele yake. Bi Meno hakuvua hata viatu. Alimwambia ametoka kwa muuza samaki, na mumewe akaweka bisibisi chini.

"Dada alikuwa na aibu," Msuluhishi akasema. "Tangi lake lote lilikufa, hakutaka mtu ajue. Akaniapisha nisiseme. Mimi nikadhani atakwambia mwenyewe."

"Aliniambia nikwangue."

"Sikujua kama atakwambia hivyo."

"Jumamosi ulijua." Sauti ya Bi Meno haikupanda, na yeye mwenyewe aliishangaa. "Ulinishikia tochi, mume wangu. Nilikuwa naharibu kazi yangu kwa mikono yangu, na wewe ukanimulikia nione vizuri."

Msuluhishi alisema angesema, lakini kama angesema ungetokea ugomvi, yeye na dada yake wasingeongea tena, na nyumba ingekosa amani. Alisema kwa upole ule ule aliompendea. Bi Meno akamjibu kwamba ndiyo, angegombana na wifi, wiki, mwezi, halafu wangerudi kutaniana, maana hayo ndiyo maisha ya mawifi tangu dunia iumbwe. Wifi alikuwa amemfanyia uwifi. Yeye je, alikuwa amemfanyia nini?

Bi Meno akavuta kiti akakaa. Akamuuliza swali ambalo hakujua kama analo mpaka lilipotoka.

"Tangu tuoane, kwa ajili ya amani, umeninyamazia mangapi mengine?"

Alitaka neno moja tu: "Hakuna." Alikuwa tayari kulipokea hata likiwa la uongo, akalala nalo. Msuluhishi aliinamisha kichwa, akaitazama ile mota, na Bi Meno akaona midomo ya mumewe inacheza polepole bila sauti. Alikuwa anahesabu.