Kidole cha Muinde

Muinde alianguka saa nne asubuhi chini ya mizinga yake, nyuma ya shamba lao karibu na Mwatate, mikono imejaa asali hadi viwikoni. Mkewe, Syombua, alimfuta mikono kwa leso, akaita majirani, wakamkimbiza kliniki.

Mzee alikuwa na ugonjwa wa sukari kwa miaka mingi. Asubuhi ile alimeza dawa yake lakini akakataa chai na mihogo. "Nyuki hawangoji mzee ashibe," alisema, na Syombua akacheka.

Muuguzi wa zamu, Sista Tryphena, aliwapokea mbio. Alimlaza mzee taratibu, akamvutia Syombua kiti bila kuombwa, kisha akamdunga Muinde kidoleni na kuweka tone la damu kwenye kimashine.

"Ishirini na tisa! Mama, sukari imepanda sana. Lazima tumpe insulini sasa hivi."

Syombua alifungua mdomo. Mtu ambaye hajatia kitu tumboni tangu jana jioni, sukari inapandaje? Lakini aliitazama ile namba, akajiona mwanamke wa darasa la tatu anayetaka kubishana na mashine.

"Sawa, daktari," akasema.

Haikupita nusu saa baada ya sindano, Muinde akaanza kutetemeka mwili mzima, kisha akanyamaza kama gogo. Tryphena alishtuka. Safari hii alimwosha mkono kwa maji na sabuni ndipo akapima tena. Moja nukta tatu: sukari imeshuka kiasi cha kudhuru ubongo. Kumbe mara ya kwanza mashine ilipima asali iliyoganda kidoleni. Alikimbilia glukosi, akaitia mshipani huku machozi yakimtoka.

Siku ya tano, katika hospitali ya Voi walikomhamishia mzee, Tryphena alikuja siku yake ya mapumziko na chupa ya uji.

"Nisamehe, mama. Sikumwosha."

"Na mimi nilijua hajala, mwanangu, nikanyamaza. Ningesema, ungenisikia?"

Tryphena aliinamisha kichwa, akafikiri sana. "Ningekusikia, mama."

Syombua alikuwa akiomba ajibiwe hapana.

Alimimina uji, akamnywesha mumewe kijiko kwa kijiko. Muinde alimeza, akamtazama kwa macho matulivu.

"Asante, mama. Wewe ni wa wapi?"

"Ni mimi, Syombua."

"Jina zuri," akasema Muinde, kwa adabu ya mtu aliyekaribishwa kwa watu asiowajua.