Ndoo ya Hamsini na Moja

Lori la maji lilirudi nyuma mpaka likakaribia kulibusu tangi, kisha mpira wake ukaanza kutapika maji kwa juu, pale ambapo maji hayakupaswa kuingilia. Wegesa alisimama chini, spana mkononi, akitazama kama mtu anayeona maiti ikilishwa uji.

"Lita ngapi hizo?" alimwuliza dereva.

"Elfu moja, bibi. Zilikuwa zaidi, barabara yenu imekunywa zingine. Nimetoka nazo Bweri alfajiri."

Wegesa akaitafuna ile namba. Shule yake iliishia darasa la saba, lakini hesabu za kugawanya hazikumtoka kichwani, maana ndizo alizochapiwa sana. Elfu moja, ndoo za lita ishirini. Hamsini.

Lori lilipoondoka, mwanawe Clementi, mwenyekiti wa kamati ya maji, alikata tawi akaanza kufuta alama za matairi.

"Unafuta kama walivyokuwaga wanafuta wezi wa ng'ombe," Wegesa akamwambia. "Tofauti ni kwamba wao walipataga ng'ombe."

"Mama, siyo leo." Sauti yake ilikuwa kavu kama tangi la juzi. "Mgeni anatoka Musoma, saa nne yupo hapa. Wewe fungua koki, maji yatoke, aandike, aende. Dakika tano tu."

"Na kesho?"

Clementi akaendelea kufuta vumbi mahali ambapo hapakuwa tena na alama.

Kwa miaka miwili Wegesa alikuwa mlinzi wa koki. Aliifuta, aliipaka mafuta, aliifungia kufuli. Ilikuwa kazi nyepesi kuliko zote katika Butiama nzima, kwa kuwa koki yenyewe haikuwa na kitu. Mafundi walijenga tangi, wakasimika koki, wakamwambia Clementi atie saini kwamba mradi umekamilika, wao wangerudi wiki ile ile kuunganisha bomba. Akatia. Wiki ile ile bado inaendelea.

Sasa bomba jipya lilikuwa linavutwa kutoka ziwani, na kijiji kwa kijiji wageni walipita kuangalia. Koki ikikutwa kavu, bomba linaletwa. Ikikutwa inatoa, bomba linapitiliza kuelekea Bunda kwa wenye shida. Na ikikutwa kavu, lazima mtu aulize: nani alisaini?

"Watanifunga, mama," Clementi alikuwa amesema, akiwa na ndevu zake zote, na kidevu kikamtetemeka kama cha mtoto aliyevunja chungu.

Upande wa pili wa mzani alikuwepo Adventina, mke wa huyo huyo Clementi. Mwaka jana mimba yake ilitoka njiani akitokea kuchota maji lambo, kwenye bwawa la mbali. Wegesa ndiye aliyemkuta, ameketi kwenye majani, damu mpaka vifundoni, na pembeni yake ndoo imesimama wima, haijamwagika hata tone. Alikuwa ameitua kwanza. Sasa alikuwa na nyingine, ya miezi saba, na lambo lilikuwa mbali vile vile.

Juzi mchana Wegesa alikuwa akichambua dagaa barazani, huku mwalimu Prosper, mpangaji wake, akisoma kitabu kinene cha fizikia.

"Kinasema nini hicho, mwalimu? Unakikunjia uso kama kinakudai."

"Kinasema kuna chembe, bibi, vumbi ni mlima kwake. Kabla hujaipima, huwezi kusema iko hapa wala iko pale. Ni kama iko kote kuwili. Ukiipima tu, inakuwa sehemu moja."

"Yaani ipo na haipo."

"Tuseme hivyo."

"Mimi Mkatoliki, mwalimu. Usinitishe na kitu kimoja kuwa vitu viwili." Akatupa kichwa cha dagaa kwa kuku. "Hiyo ni koki yangu. Kwenye karatasi za Musoma inatoa, kwenye ndoo za hapa haitoi."

Prosper akacheka, kisha akaacha. "Wanafunzi wananiulizaga, haya yatatusaidia nini sisi, maabara yenyewe haina hata balbu. Nawaambiaga wanakili tu."

"Na huyo anayepima, ndiye anayeamua itakuwa wapi?"

"Hapana, bibi. Jibu haliko mikononi mwake. Anachochagua yeye ni swali. Ukiuliza hivi, inakujibu hivi. Ukiuliza vingine, inakujibu vingine."

Mkono wa Wegesa ulisimama juu ya ungo. Kuku walisubiri mpaka wakachoka.

Saa nne na nusu mgeni alifika kwa bodaboda. Alikuwa binti mmoja, Flora, buti zimejaa vumbi, kishikwambi amekikumbatia kifuani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kinauliza nini hicho kidude?"

"Kama koki inatoa maji. Ndiyo au hapana. Halafu picha, watu wakichota."

"Watu wapo."

Clementi aligeuka. Kando ya uzio wanawake walikuwa wamejipanga, ndoo mbele ya miguu, mpaka mstari ukapinda nyuma ya tangi. Wa mwisho kabisa alikuwa mkewe.

"Mama, wote hawa wa nini?"

"Picha. Koki bila watu ni chuma tu."

Akafungua. Maji yakaruka, wanawake wakapiga vigelegele ambavyo hakuna aliyewafundisha. Flora akainua kidole abonyeze kishikwambi.

"Basi, bibi, nimeona."

"Umeona ndoo ya kwanza. Ngoja na yule wa mwisho, unamwona alivyo. Asije akatoka pichani mikono mitupu. Jeska! Mletee mgeni uji."

Flora akaketi kwenye debe, akanyoosha miguu. Uji ulikuwa wa moto, na Jeska, binti wa jirani aliyeuleta, alikuwa hana haraka.

Wegesa aliingiza mkono wa kushoto ndani ya kanga. Rozari ilikuwa humo. Kila ndoo iliyoondoka, punje moja. Hakusali. Alijaribu, maneno yakakataa.

"We mama, usijaze mpaka shingoni, siyo sherehe yako!"

"Acha nijaze, nani anajua!"

Clementi alikuwa akimchekesha mgeni kwa habari za mbuzi. Kumi la kwanza likaisha, la pili, la tatu, la nne. Mwanzoni mwa la tano jicho lake liliona kidole gumba cha mama yake kikisogea ndani ya kanga. Naye alikulia kwenye rozari ile, alijua makumi yake matano ni punje hamsini, sawa na ndoo za lori. Kicheko kikamkatikia mdomoni.

Akamsogelea. Alisema kwa lugha ya nyumbani, ile aliyoombea maziwa alipokuwa mdogo.

"Mama. Funga."

"Bado mkeo."

"Ni mimi watakayenichukua."

"Najua."

"Unajua, na bado?"

Wegesa hakumtazama. Angemtazama, angefunga. "Na yule wa tumboni mwaka jana, alichukuliwa na nani?"

Clementi akaweka mkono juu ya koki. Mishipa ilimsimama. Mkono ukakaa pale, haufungi, haufungui, huku ndoo ya arobaini na tano ikipita chini yake, na ya arobaini na sita.

Punje ya hamsini ilifika kidoleni. Adventina akasogea, mkono mmoja kiunoni, akaitua ndoo yake taratibu kama alivyozoea. Ilikuwa ile ile ya mwaka jana. Akamtazama mumewe kwanza, kisha mama mkwe, hakuelewa kwa nini wote wawili wanalia na maji yapo.

Koki ikakohoa. Maji yakawa uzi, uzi ukakatika, ukatoka upepo. Flora aliweka kikombe chini, akasimama, kidole juu ya kishikwambi, hajabonyeza ndiyo wala hapana.

Kwenye mdomo wa koki lilibaki tone moja. Lilivimba, likajaa jua, likaning'inia pale juu ya ndoo tupu, halidondoki, halirudi ndani.