Choroko Zilizoiva kwa Pamoja

Rula hakupewa jina hilo na wazazi wake. Alilipata shambani, kwa kunyoosha matuta yake kana kwamba yangekuja kukaguliwa, na kwa kuwataka watu nao wanyooke vivyo hivyo. Nyumbani alisema kwa kipimo. Mezani alikula akanyamaza. Palikuwa na mahali pamoja tu ambapo ulimi wake ulilegea: katikati ya mistari ya choroko, wakati wa kuchuma, umbu lake akiwa mstari wa pili.

Umbu lake huyo, mdogo wake wa tumbo moja, alikuwa ameolewa mbali, na watu walimwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Kila msimu alikuja na kikapu chake, akalala chumba cha nyuma hadi uchumaji uishe. Na haukuisha upesi, maana choroko zile za kienyeji, ndogo, zenye rangi iliyofifia kama nguo iliyofuliwa mno, ziliiva kwa kupokezana. Maganda ya chini yalikuwa meusi tayari, ya juu yangali mabichi, na kileleni bado maua. Ilibidi kuchuma, kungoja, kurudi, kuchuma tena. Chiriku alipiga soga, akatia chumvi, akawaiga mawifi zake wa huko alikoolewa. Na Rula, macho yakiwa kwenye maganda wala si usoni pa mtu, alijikuta akisema. Hofu iliyomshika yeye siku mkewe alipolazwa hospitali aliisema pale. Wivu aliokuwa nao kwa marehemu kaka yao aliusema pale pale, akiwa ameinama, na Chiriku akaupokea bila kuinua kichwa.

Kisha akaja mnunuzi wa kampuni iliyosafirisha mazao ng'ambo, na mbegu mpya: kubwa, za kijani, zinazong'aa kama zilizopakwa mafuta.

"Hizi zinaiva zote kwa pamoja, mzee," alisema. "Unaita vibarua asubuhi, jioni umeshamaliza shamba. Ila sharti ni moja. Zile za zamani zisionekane hapa. Zikichanganyika na hizi, mzigo wote unarudi."

Rula alipenda masharti yaliyonyooka. Alikubali papo hapo, akampigia umbu lake simu.

"Msimu huu usijisumbue, mdogo wangu. Kazi itakuwa imekwisha kabla hujafunga mzigo."

"Haya, kaka," Chiriku alisema, na hakuongeza neno, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Mkewe Rula, aliyekuwa akimenya viazi, aliweka kisu chini. "Umemwambia hivyo hivyo?"

"Nimempumzisha. Mgongo wake si wa jana."

"Alikulalamikia mgongo?"

Rula alivaa kofia yake akatoka; umbu lake hakuwahi kulalamika.

Misimu ikapita. Choroko zilimeta, mnunuzi akasifu, na shamba likavunwa kimyakimya na watu waliolipwa ili wafanye haraka. Kati ya ndugu hao wawili hapakuwa na ugomvi wowote; ungekuwapo, Rula angeomba radhi na mambo yakaisha. Aliyegombana naye ni mwanawe wa kwanza, mtu mzima mwenye ndevu. Kwa kosa dogo la kuchelewa shambani, Rula alimwambia mbele ya vibarua kwamba nyumba ile haikujengwa kwa ajili ya wazembe. Mwana akakunja nguo zake akaenda zake, na simu ya baba hakuipokea tena. Aliyekosa ni baba. Rula alilijua hilo, likamkaa kooni kama mwiba wa samaki, na duniani hakuwa na mtu wa kumwambia ila mmoja.

Ndipo alipojaza mfuko wa choroko zake zilizo bora, akafunga safari kwenda kwa Chiriku.

Alipokewa kwa heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyomtisha. Alipewa kiti chenye kitambaa na chai katika kikombe cha wageni, kisha Chiriku akaketi mbele yake, wakitazamana uso kwa uso.

"Wifi hajambo?"

"Hajambo."

"Na mkubwa wetu? Siku hizi hata salamu za shangazi hana."

Rula alikitazama kikombe, akaitazama mikeka, akatafuta kitu cha kushughulisha mikono yake. Hakukiona.

"Hajambo," alisema. "Kazi nyingi."

Chiriku alivuta ungo na kumimina choroko alizoletewa ili azichambue. Vidole vyake vilipita juu yake kwa mazoea, vikitafuta kijiwe, kipande cha ganda, punje iliyotobolewa. Havikupata kitu. Akausukuma ungo kando.

"Nzuri mno hizi. Hazimpi mtu kazi."

"Njoo msimu ujao," Rula alisema ghafla.

"Nije kufanya nini, kaka?"

Hakuuliza kwa kejeli; aliuliza kama mtu anayetaka kujua achukue jembe au kikapu. Jibu lilikuwa fupi: njoo tu, nina neno. Lakini Rula alilelewa kuamini kwamba mtu haitwi bila kazi, na imani hiyo ilimziba mdomo.

"Ningepanda zile za kwetu. Mistari michache, mbali na shamba. Mbegu ulizokuwa ukiondoka nazo, zimebaki kwako?"

"Nilikuwa nazo kwenye chupa. Nilingoja uniite. Ulipokaa kimya, nikazipika."

"Ungeniambia."

"Ungeniuliza." Kisha akacheka kidogo, asije akamuumiza. "Ungenitukana, kaka, ningejua pa kuanzia kununa. Wewe ulinipumzisha."

Alimsindikiza hadi barabarani. Walipofika akamshika mkono wa shati.

"Umesafiri kutwa nzima. Ulikuwa na neno?"

"Nilikuja kukusalimu."

Chiriku alimtazama, akangoja kwa muda ambao zamani angeujaza maneno matupu. Rula alikuwa akiiweka sawa kofia yake.

"Basi tumesalimiana," alisema Chiriku, akamwachia mkono.