Mkwaruzo Kwenye Nguzo ya Tatu

Alma Penrose alikuwa akizipaka rangi kadi za posta za treni ya mlimani, kwenye duka la picha la kituoni huko Colorado, alipouona tena ule mkwaruzo. Ulikuwa mstari mwembamba mweusi kwenye nguzo ya tatu ya daraja la mbao. Mwaka jana aliufunika kwa rangi, kama afanyavyo kila kioo kinachonasa picha ndani ya kamera kikikwaruzika, na kadi zile zikagombewa.

Lakini picha hii ilipigwa juzi, kwa kioo kipya kabisa.

Akachukua kadi ya mwaka jana, akaikwangua rangi kwa ukucha. Mstari ulikuwa palepale, ila mfupi. Akaziinua kadi zote mbili.

"Bwana Tuttle, nguzo imepasuka!"

"Ah, dada, wewe na macho yako!" mpiga picha akacheka. "Ufute huo. Nani atanunua ufa?"

"Mume wangu yumo kwenye treni hiyo, ndiye anayefunga breki zake, mjinga wewe!"

Akatoka na aproni yake mwilini, akakimbia juu kufuata reli. Alipofika kwenye kona karibu na daraja, treni ilikuwa imesimama katikati ya daraja, kama kila Jumapili, ili wageni waitazame mandhari. Alma akapunga mikono, akapiga mayowe mpaka sauti ikamkauka.

Wageni wakamwona, wakafurahi. Wakajazana wote upande wake, upande wa nguzo ya tatu, wakimpungia kadi alizozipaka rangi kwa mkono wake mwenyewe.