Mcheza Kwao Huvishwa Kibao

Mimi nina hasira za karibu, nasema mapema ili mtu asije akashangaa mbele ya safari. Nafundisha hisabati na netiboli katika shule moja ya binafsi hapa Karatu, shule ya Kiingereza, ile inayojisifu kwenye bango la barabarani kwamba ina viwango vya kimataifa. Hivyo viwango mimi nimevitafuta miaka yote niliyokaa hapo. Maabara haina maji, maktaba imefungwa na ufunguo haujulikani uliko, lakini viwango vipo. Ukimwuliza mkurugenzi wetu, Mzee Isaya, viko wapi, atakuonyesha kibao.

Kibao chenyewe ni kipande cha mbao chenye kamba, kimeandikwa kwa Kiingereza kwamba aliyekivaa ni mjinga, amesema Kiswahili. Mtoto akiteleza akasema Kiswahili, au Kiiraqw, au Kimaasai, anavishwa shingoni na kukaa nacho mpaka amnase mwenzake. Kwa hiyo watoto wetu hawajifunzi Kiingereza, wanajifunza kuviziana. Wakati wa mapumziko uwanja mzima umenyamaza kana kwamba kuna msiba. Nimelisema hili kwenye vikao vya walimu mpaka koo limekauka. Nimesema mtoto akitaka kupiga hesabu kichwani kwa lugha ya kwao mwacheni apige, Kiingereza cha kuandikia jibu kitakuja. Kumpigia mbuzi gitaa kuna nafuu, maana mbuzi walau atatikisa masikio. Mzee Isaya anatabasamu tu na kusema, "Asante Madam Hyasinta, tumelipokea." Kisha tunaenda kwenye ajenda ya sare.

Ana maoni yake pia kuhusu watu na rangi zao, na anayagawa bure. Mmaasai anaruka, Mmbulu anakimbia, mzungu anaona mbali. Anayasema hadharani, mbele ya watoto, tena kwa kucheka. Sasa mimi ni Mwiraqw wa Endabash, hao anaowaita Wambulu, na nikipanda kilima na kikapu cha sokoni lazima nipumzike njiani nikishika kiuno. Siku nilipomwambia hivyo alinijibu kwamba sijajituma, mbio ziko kwenye damu. Nilitoka ofisini kwake bila kuaga.

Kwa falsafa hiyo hiyo alimtia Sinyati kwenye timu ya netiboli siku ile ile alipofika kutoka Olbalbal, hata sanduku lake halijaingia bwenini. Ni mrefu, ni Mmaasai, ataruka. Jamani, Sinyati haruki. Hata mtaro wa jikoni anauzunguka. Anafunga magoli kwa sababu hana papara. Akishika mpira anasimama, anapima, ndipo anarusha. Mtoto wa hisabati yule. Nilimjua wiki ya kwanza, nilipokosea hesabu ya sehemu ubaoni, akanyoosha kidole na kuniambia, kwa adabu zote, kwamba labda chaki imeteleza. Sasa yuko darasa la saba na sina mwanafunzi mwingine anayemfikia.

Anasoma kwa ufadhili. Wapo wageni wa ng'ambo wanaojiita marafiki wa shule, wanalipia watoto wachache kuanzia msingi mpaka kidato cha nne, hapo hapo kwetu. Masharti aliyatunga mkurugenzi mwenyewe. Mtoto wa ufadhili akivishwa kibao mara tatu katika muhula mmoja, nafasi yake anapewa mwingine. Anayelipiwa na wazazi anaweza kukivaa mpaka kikachakaa, hakuna wa kumgusa. Sinyati alikuwa ameshakivaa mara mbili. Mara ya kwanza aliota usiku bwenini akaita "yeyo", yaani mama, na matroni akasikia. Mara ya pili alimsalimia huyo mama yake, Nanyokie, aliyetoka Olbalbal kuja kumwona, mwanamke asiyejua neno hata moja la Kiingereza. Nilimwuliza mkurugenzi, alitaka mtoto amsalimie mama yake kwa ishara za mikono? Akasema sheria ni msumeno.

Basi ikabaki mara moja. Nafasi ikienda, Sinyati anarudi nyumbani na sekondari ataisikia kwa jirani. Nanyokie hana njia nyingine, ng'ombe wake wengi waliisha kwenye ukame. Nilimwita mtoto nikamwambia, kwa Kiingereza kwa sababu kuta zina masikio, kwamba mpaka muhula uishe bora awe bubu. Akaitikia kwa kichwa. Kweli akawa bubu, hata darasani akawa hanyooshi kidole tena, na mimi roho ikawa inaniuma kila kipindi.

Wageni walikuja Jumamosi. Walikuwa wanatoka kuangalia wanyama kreta, kule hifadhini, wakapita kwetu kuona watoto wao wa ufadhili. Mkurugenzi alikuwa ameandaa mechi ya netiboli dhidi ya timu ya shule moja ya serikali, na asubuhi alituita, mimi na wasichana, akatoa amri kwamba uwanjani ni Kiingereza tu, atakayetoa lugha nyingine kibao kiko tayari. Nikamwambia, mkurugenzi, mpira haungoji mtu atafute kitenzi. Akasema wageni wamekuja kuona viwango.

Walikuwa Waitaliano. Mkuu wao ni bibi mmoja mwembamba mwenye nywele nyeupe, anaitwa Silvana, na waliongozana na Julius, kijana wa hapa hapa Karatu, mwongoza watalii aliyekijua Kiitaliano humo humo kwenye gari la safari. Mkurugenzi akasimama na suti yake, akahutubia kwa Kiingereza robo saa nzima. Wageni wakawa wanatabasamu na kufukuza nzi. Ikafika mahali Julius akamsogelea akamwambia kwa upole, "Mzee, hawa Kiingereza hawakijui. Wewe sema Kiswahili tu, mimi nawapelekea Kiitaliano moja kwa moja." Mzee Isaya akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akaendelea kwa Kiswahili safi mpaka mwisho. Nilitazama shingo yake ile yenye tai, nikauma midomo nisicheke mbele za watu.

Mechi ikaanza. Wale wa shule ya serikali wamevaa sare zilizopauka, wengine peku, lakini midomo yao ilikuwa huru. Nipe, nyuma yako, achia, njoo kati. Wakichanganya Kiswahili na Kiiraqw, wakitaniana, wakicheka. Wa kwetu, viatu vipya, kimya. Mmoja akitaka mpira anapunga mkono, na asipoonekana basi. Mara nyingine unamwona mtoto amefungua mdomo, Kiingereza hakijafika, mpira umeshapita. Tukafungwa, tukafungwa tena, na mkurugenzi anawaeleza wageni kwamba wapinzani wetu ni wakimbiaji wa kuzaliwa. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Siku ile nilikaa pembeni ya mstari nikiwa nimeifumbata filimbi yangu mkononi, nimechoka kabla hata ya mapumziko.

Kipindi cha pili, Goodness, mlinzi wetu, akawa anarudi kinyumenyume huku macho yako juu kwenye mpira. Nyuma yake kuna nguzo ya goli, ya chuma, na ile nguzo imeota kutu na pembeni ina ncha ya bati ambayo nimeomba ikatwe tangu mwaka jana. Mimi nilikuwa upande wa pili kabisa. Aliyekuwa karibu ni Sinyati, kipindi hicho nimemrudisha nyuma kusaidia ulinzi.

"Goodness, nguzo!"

Kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu anayemrudisha ndama asiangukie korongoni. Goodness akasimama pale pale, akageuka, akaiona ile ncha imekaa usawa wa jicho lake. Akaishika kwa kidole. Mpira ukatoka nje na hakuna aliyeufuata.

Ningetegemea mtu mzima aseme asante. Mzee Isaya alitoka kwenye kiti chake, akaingia uwanjani na kibao mkononi, akamvisha Sinyati mbele ya watu wote, akamwambia atoke. Mtoto hakulia. Aliinama tu kamba ipite kichwani, akaenda kusimama kando ya wageni akiangalia viatu vyake. Mara ya tatu.

Yule Bibi Silvana akaona kamba na mbao, akauliza kitu. Julius akamgeukia mkurugenzi, "Anauliza ni kitu gani hicho amevishwa."

Mzee Isaya hakusita hata kidogo. "Mwambie ni nishani. Nishani ya mchezaji bora."

Julius akatafsiri. Wageni wakapiga makofi. Bibi akainuka, akamkumbatia Sinyati, akataka wapigwe picha pamoja, yeye na mchezaji bora na nishani yake. Simu zikatolewa. Sinyati alisimama katikati ya wale watu wanaotabasamu, na akanitazama. Basi pale uvumilivu ukanishinda. Mimi nina mkopo, nina mama mgonjwa Endabash, kazi naihitaji, lakini miguu ilikuwa imeshakwenda.

"Julius," nikasema, "wasomee kilichoandikwa."

"Madam Hyasinta, rudi kwenye timu yako," akasema mkurugenzi.

"Julius, wasomee. Neno kwa neno. Halafu waambie hii ni mara ya tatu, na mara ya tatu ufadhili wao ananyang'anywa. Waambie kosa lake ni kumwokolea mwenzake jicho."

Julius aliniangalia, akamwangalia mkurugenzi. Yeye naye mkate wake uko kwa wageni na kwa wenye shule. Lakini alikisoma. Alikisoma polepole, na nyuso za wale watu zikabadilika mmoja mmoja, simu zikashuka.

Bibi Silvana alikaa chini. Alizungumza muda mrefu, Julius akatupa kwa vipande. Kwamba na yeye alizaliwa milimani huko kwao, mahali penye lugha yao ya nyumbani. Kwamba alipoanza shule mwalimu alimvisha masikio ya punda ya karatasi kwa kuisema. Kwamba mpaka leo, na umri huu, akiisema lugha ya mama yake anashusha sauti. Akamvua Sinyati kile kibao kwa mikono yake mwenyewe, akakiweka mapajani, akasema hataki kukiona shingoni mwa mtoto yeyote.

"Kabisa," akasema Mzee Isaya kabla Julius hajamaliza. "Kabisa. Mwambie hata sisi tulikuwa mbioni kukiondoa."

Nilidhani nimesikia vibaya. Mbioni! Mtu huyu huyu, na vikao vyote vile.

Jumatatu, mstarini, aliwatangazia watoto kwamba kuanzia siku hiyo kibao hakipo na kila mtoto wa ufadhili nafasi yake iko pale pale. Akasema utafiti wa kimataifa unaonyesha lugha ya mama ni hazina. Akasema wazo hili zuri tumeletewa na marafiki zetu wa ng'ambo, tuwapigie makofi. Walimu wenzangu wakapiga makofi, na mimi nikapiga. Nilifurahi, nisiseme uongo, Sinyati amebaki shuleni na hilo ndilo nililolitaka. Lakini nilikuwa na hasira ya kupasua kifua. Maneno ni yale yale niliyoyasema mimi. Hakuongeza chumvi yule bibi wala hakupunguza, na roho yake ni njema, sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni kwamba kinywani mwangu yalikuwa kelele za Madam Hyasinta, na yalipotoka kwenye kinywa cheupe yakawa utafiti. Mzee Isaya aliyaamini kabla hata hajayaelewa, kwa sababu mzungu anaona mbali.

Saa nne, wengine wakiwa kwenye uji, Sinyati alikuja darasani nikiwa nasahihisha madaftari. Alisimama mlangoni kwanza, kisha akasogea mpaka mezani. Akasema kwa Kiswahili, bado kwa sauti ya chini, kama ambaye hana hakika kwamba kimeruhusiwa.

"Mwalimu, Goodness ananiambia haya ya kibao wewe ulishayasema zamani. Anasema walikuwa wanakusikia dirishani mkiwa kikaoni."

"Niliyasema, ndiyo."

"Mara nyingi?"

"Mara nyingi."

Akatulia. Nilijua anapima, maana ndivyo anavyokaa kabla hajarusha mpira, na ndivyo anavyokaa kabla hajaandika jibu. Nami nikaweka kalamu chini nikitegemea shukrani, au pole.

"Basi mwalimu," akasema, kwa upole kabisa, kama mtu anayenipunguzia kazi, "siku nyingine tukiwa na shida hatutakusumbua wewe. Tutasubiri mzungu aje."

Nilifungua mdomo nimwambie hapana, sivyo, hilo silo la kujifunza hapa. Nikatafuta mfano mmoja tu wa kumwonyesha kwamba amekosea hesabu. Nikautafuta mpaka nikasikia vikombe vinagongana huko nje, nikamwambia aende akanywe uji kabla haujapoa, naye akaenda.